Kumi na Mbili ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kuamini tairi kwa kulipiga teke. Wenzake pale kwenye uwanja wa kituo cha afya walipiga teke, wakasikiliza mlio, wakasema "liko sawa," wakapanda gari na kuondoka. Yeye alichuchumaa. Alitoa mfukoni geji yake ya kupimia upepo, ya shaba, kioo chake kikiwa na ufa mwembamba kama unywele, akaifuta kwenye paja, akaibana kwenye valvu, akausoma mshale, kisha akarudia. Matairi manne kila asubuhi, na la akiba siku za Ijumaa, kwa miaka ishirini na mbili. Suruali zake zote zilipauka mahali pamoja kwa kufutiwa geji. Mkewe alikuwa akisema siku mumewe akipotea sokoni hatahangaika na sura, atatafuta hilo baka.

Aliendesha gari la kliniki, lile refu jeupe linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jumanne na Alhamisi lilibeba nesi na sanduku la baridi la chanjo hadi zahanati tatu zilizo ng'ambo ya mto mkavu. Mto huo ulipata maji wiki chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ulikuwa mchanga mtupu, laini kama unga, upana wake unakaribia viwanja vitatu vya mpira. Kabla ya mto kuna lami, na baada ya mto kuna kilima cha mawe. Kwa hiyo safari moja ilitaka upepo wa namna tatu, na dereva alilazimika kushuka mara tatu kuupunguza au kuuongeza.

Nilipokuwa mdogo alinieleza hivi: "Mchangani tairi gumu linachimba. Ukililegeza linatanuka, linakaa juu juu, kama mtu aliyevaa ndara pana. Ukililegeza mno, ukikata kona linachomoka kwenye rimu, na hapo umebaki na mguu bila kiatu."

Kazi yote ilikuwa kujua "mno" inaanzia wapi. Upepo wa tairi hupimwa kwa paundi, na madereva wa ofisi nyingine waliovuka mto ule walishuka hadi paundi kumi na nane. Chini ya hapo hakuna aliyethubutu. Mjomba alishuka hadi kumi na mbili.

"Kumi na mbili? Wewe huogopi?" walimuuliza.

"Anayeogopa anunue baiskeli."

Basi wakamwita Kumi na Mbili. Nesi alimwita hivyo, walinzi wa getini walimwita hivyo, na hata fundi wa tairi wa kituo cha mafuta, ambaye alikuwa na jina la utani kwa kila mteja na mengi hayatamkiki mbele ya watu, kwake alisema Kumi na Mbili kwa heshima. Mjomba hakujigamba kwa maneno. Ila ukimwita hivyo alisimama wima kidogo zaidi.

Mwaka huo alikuwa anastaafu. Msimamizi wa magari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, alimwomba aache maandishi kwa ajili ya atakayemrithi. Mjomba na kalamu hawakuwa marafiki, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kurudi kukaa kwao. Nilikuwa na mwandiko mzuri na muda mwingi, vitu viwili ambavyo mhitimu asiye na ajira hakosi. Tulikaa sebuleni alasiri tatu mfululizo. Yeye alisema, mimi niliandika kwenye daftari gumu, mkaza mjomba akichambua mboga huku akisahihisha mambo ambayo hakuwahi kuyaona.

"Lami, thelathini. Mchanga, kumi na mbili. Mawe, ishirini."

"Na ukiwa na abiria wengi?" niliuliza.

"Ongeza mbili nyuma."

"Na mkeo akiwemo, ongeza nne," alisema mkaza mjomba.

Daftari likavikwa nailoni, likawekwa kwenye kisanduku cha gari.

Dereva mpya alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyekuwa anasambaza mikate kwa gari dogo kabla ya kuja pale. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi miwili, na mkewe alikuwa amejifungua majuzi. Walinzi hawakuchelewa kumwita Mikate. Kwa wiki tatu alikwenda safari zote na mjomba. Mjomba alipima, mjomba akaendesha, Mikate akaangalia. Ofisi ilimnunulia geji mpya, nyeusi, imezungushiwa raba. Mjomba aliigeuza mkononi, akasema inafanana na kitu cha kuchezea watoto, akamrudishia. Ile ya shaba haikuwa ya ofisi. Aliachiwa na dereva aliyemtangulia, na kila jioni mjomba alikwenda nayo nyumbani.

Alhamisi moja mjomba alikwenda kufuatilia karatasi zake za kustaafu, na Mikate akaenda safari yake ya kwanza peke yake na nesi.

Walirudi wakivutwa na trekta. Walipokuwa wanatoka mtoni, pale njia inapopinda kabla ya kupanda ukingo, tairi la mbele lilichomoka kwenye rimu na jiwe likalichana ubavu. Mikate akafunga la akiba, akalipunguza upepo kama daftari lilivyosema, akaenda hatua chache, la nyuma likafanya vilevile. Walikaa juani hadi jioni. Barafu ya sanduku iliyeyuka yote, na chanjo ya zahanati tatu ikatupwa. Akina mama waliokuwa wakisubiri na watoto mgongoni walirudi makwao.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea mjomba miwani aliyoisahau, nikawakuta wamesimama ofisini kwa msimamizi, chini ya ubao wa kutundikia funguo.

"Mzee, nilifuata daftari," alikuwa anasema Mikate. "Kumi na mbili. Nilipima mara mbili."

"Ulikimbia," alisema mjomba.

"Nilikuwa gia ya pili. Muulize nesi."

Wote wakamgeukia nesi. "Msiniulize mimi," alisema. "Mchangani huwa nafumba macho. Hata akiendesha Kumi na Mbili mwenyewe nafumba."

Msimamizi hakucheka. "Namba hizi zimevuka mto miaka ishirini na mbili," alisema. "Jana zimegoma. Mimi nifikirie nini? Jumatatu, mzee, niletee maelezo yako. Wewe ndiye unayeijua njia. Ukiniambia ni mwendo kasi, huyu bwana anarudi kwenye mikate yake, na sitaki mjadala."

 Mikate alimtazama mjomba, kisha akatazama viatu vyake.

Nyumbani mjomba aliniita nikae na kalamu. Alisema sentensi moja: gari liliendeshwa kwa kasi kwenye kona. Nikaandika. Akaniambia niisome. Nikaisoma. Akakuna kidevu.

"Umeona kwa macho?" mkewe alimuuliza kutoka jikoni.

"Sikuwepo, ningeonaje?"

"Nilidhani ulikuwepo. Naona unavyoandika."

Jumamosi asubuhi akaazima pikipiki ya kituo, akanipakia nyuma, tukaenda mtoni. Alitaka, alisema, aandike akiwa ameona.

Kwenye ile kona kingo ni ndefu na upepo hauingii, kwa hiyo alama zilikuwa bado zimelala mchangani kama zilivyoachwa. Mjomba alitembea pembeni yake akiwa ameinama, mikono mgongoni. Nilijua anachotafuta, maana alinieleza njiani: gari likikimbia hurusha mchanga nje ya kona, ukaonekana kama matuta. Hakukuwa na tuta. Alama ilikuwa tulivu, ya gari linalotambaa.

Kisha akachuchumaa. Aliweka kiganja juu ya alama, akaongeza vidole vitatu, akatikisa kichwa.

"Wewe msomi, hebu soma hapa."

Pembeni mwa alama, upande wa nje, kulikuwa na herufi zimejichapa kinyumenyume. Yalikuwa maandishi ya ubavuni mwa tairi, yale yanayokaa mbali kabisa na ardhi. Tairi lilikuwa limelegea hadi likatembelea ubavu.

"Hii siyo kumi na mbili," alisema mjomba. "Kumi na mbili yangu naijua. Hailali hivi. Huyu kijana alilitoa upepo likabaki ngozi." Lakini alisema polepole, na maneno ya mwisho aliyasema kama anayejiuliza.

Tulipofika kituoni gari lilikuwa limefungwa matairi mengine na kuegeshwa kivulini. Alichukua ufunguo kwa mlinzi, akatoa geji yake, akapima la mbele kulia. Thelathini. Akaichukua ile nyeusi ya Mikate kwenye kisanduku, akaibana kwenye valvu ileile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nisomee."

"Thelathini na sita," nilisema.

Akapima la kushoto. Akapima ya nyuma. Kila mara ile ya shaba ilisema thelathini, na kila mara ile nyeusi ilisema thelathini na sita.

"Hivi vitu vya raba," alisema. "Twende kwa mtu mwenye mashine."

Fundi wa tairi alikuwa na kompresa yenye geji kubwa kama sahani, iliyokuwa inakaguliwa kila mwaka na kubandikwa karatasi. Tuliendesha gari hadi pale. Mjomba hakumweleza kitu, alimwambia apime tu. Fundi akapima, akasema thelathini na sita, akanyoosha mkono apewe ile ya shaba. Aliibana, akaiachia, akaibana tena. Akaisogeza sikioni akaitikisa.

"Hii yako ina njaa, Kumi na Mbili," alisema. "Inakula paundi sita."

"Tangu lini?"

"Nitajuaje? Vitu hivi vikianguka kwenye saruji mara moja tu vinatosha. Uliiangusha?"

"Sijaiangusha hata siku moja."

"Basi aliyekupa aliiangusha. Ulipewa ikiwa hivihivi."

Mjomba alikaa kwenye tairi bovu lililokuwa pale la kukalia wateja. Nilikuwa najumlisha kichwani, na nilijua naye anajumlisha. Alizipata namba zake mwenyewe, kwa kujaribu, kwa kukwama na kujikwamua, mwaka baada ya mwaka, akiwa na geji ileile mkononi. Mkononi mwake zilikuwa kweli. Mkononi mwa mtu mwingine yeyote zilikuwa zinamuua njiani.

"Kumi na mbili na sita," alisema.

"Kumi na nane," alisema fundi, akiwa ameshageuka kuendelea na kazi.

"Kumbe nilikuwa kumi na nane. Na wenzangu wote."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi kazi yangu matairi, mzee," alisema. "Watu siwaoni wala siwasikii. Umekuja kujaza upepo, ukajaza, ukaondoka." Na akatupungia mkono.

Siku hiyo na kesho yake mjomba hakuzungumza. Alikula, alisema ahsante, alikwenda kukaa kibarazani. Karatasi yenye ile sentensi yangu moja ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nimesoma miaka minne kupanga hoja, na kila nilipokaribia mlango wa kibaraza nilirudi jikoni. Mwishowe nilimweleza mkaza mjomba.

Jumapili baada ya chakula akaenda kukaa naye. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nikinyamaza nini kitatokea?" mjomba alimuuliza.

"Hakuna. Utastaafu vizuri. Watakuandalia soda, watasema maneno."

"Na yule kijana?"

"Atarudi kwenye mikate. Siyo kufa. Ila kuanzia mwezi ujao utakuwa hapa nyumbani kila siku, baba watoto. Asubuhi hadi jioni. Na mimi nimekuwa nawe siku mbili tu umenuna hivi, nimechoka. Fikiria miaka."

Nilisikia kiti kikilia.

Jumatatu aliniambia nije. Msimamizi alikuwa mezani, Mikate kasimama karibu na mlango na kofia mkononi, amevaa shati la kwenda nalo kuomba kazi. Mjomba hakutoa karatasi. Alitoa geji mbili, akaziweka juu ya meza, akamwomba msimamizi atoke naye nje kidogo.

"Mzee, nimekuomba maelezo."

"Ndiyo haya. Yako kwenye tairi."

Akamwonyesha namna ya kubana. Msimamizi alichuchumaa kwa shida, akishikilia gauni, akapima mwenyewe kwa ya shaba, kisha kwa nyeusi. Akapima tena. Alipoinuka alikuwa na vumbi magotini.

"Kwa hiyo hii kumi na mbili yako..."

"Ni kumi na nane. Kama ya kila mtu." Alisema kwa sauti ya kawaida, na walinzi wa getini walikuwa karibu, walisikia. "Huyu alipima kumi na mbili ya kweli, kwa sababu mimi nilimwambia. Hakukimbia. Nilikwenda nikaona alama."

Msimamizi alimtazama. "Wiki tatu za mafunzo. Geji yake hamkuilinganisha na yako?"

"Niliidharau."

"Usukani ulimpa mara ngapi?"

Mjomba alionyesha ardhi kwa kidole. "Hapa uwanjani. Kugeuza."

"Chanjo iliyotupwa nitaiandika kwa jina lako, mzee. Itakwenda kwenye faili lako, na wewe umebakiza siku kumi. Unaelewa?"

"Iandike."

"Na huyu?"

"Huyu alifuata alichoambiwa hadi kikamtupa. Mimi ningemwacha aendelee."

Msimamizi akamgeukia Mikate, akamwambia ataendelea na majaribio yake, na avae kofia kwa sababu jua ni kali. Mikate alisema ahsante mama, kisha ahsante mzee, akaenda kuzunguka nyuma ya gari kana kwamba kuna kitu anakagua. Getini mlinzi mmoja alianza, "Kumi na Nane, shikamoo," na mwenzake akamgonga kwa kiwiko. Mjomba aliitikia marahaba.

"Kesho ni Jumanne," alisema msimamizi. "Gari linavuka. Namba ni zipi?"

"Unaongeza sita kila mahali," nilisema. Lilikuwa neno langu la kwanza siku hiyo, na wote walinigeukia.

"Hapana," alisema mjomba. "Geji iliyoharibika haiharibiki sawasawa. Chini inaweza kula sita, katikati nne. Na namba zangu ni za mguu wangu. Huyu anakanyaga kwa namna yake. Lazima zitafutwe upya."

Tukaenda alasiri hiyo watu watatu, na koleo, na pampu, na daftari. Hadi mtoni aliendesha yeye. Hapo akazima gari, akashuka, akamwachia Mikate usukani na kusimama mchangani kwa miguu.

Walianzia ishirini na nne, kwa geji nyeusi. Gari lilikwenda urefu wake mara mbili, likazama hadi rimu. Tulichimba. Ishirini na moja: likatambaa, injini ikilia. Mjomba alitembea kando yake kama anayemwongoza ng'ombe, macho kwenye tumbo la tairi pale linapogusa ardhi, akiinua mkono, "taratibu, taratibu, usiminye." Kila waliposimama alipima urefu wa alama kwa kamba, nami nikaandika. Kumi na nane: gari likaelea. Likavuka hadi upande wa pili bila kelele, likageuka, likarudi. Mikate alitoa kichwa dirishani akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Sasa kona," alisema mjomba.

Kwenye kona alipita mara tatu. Ya tatu akasimama, akashuka, akazunguka kutazama matairi.

"Mzee, mchangani iko sawa. Ila hapa usukani unanichelewea. Kama tairi linataka kubaki nyuma."

"Mimi ningeacha kumi na nane. Unakata kona kwa upole, basi."

"Wewe unaikata kwa upole, mzee. Umeikata miaka ishirini na mbili. Mimi bado naiogopa, na nikiogopa nashika kwa nguvu."

Mjomba alimtazama. Nilingoja alitoe lile jibu lake la baiskeli.

"Jaribu kumi na tisa," alisema.

Mikate akaongeza kwa pampu, akapima, akapita kona mara mbili. Kisha akavuka mto wote kwenda na kurudi, na gari lilikuwa zito kidogo kuliko mara ile lakini halikukwama. Akasema hii ndiyo.

"Andika kumi na tisa," mjomba aliniambia. "Kata ile ya kwanza. Usiifute, ikate kwa mstari, mtu aione. Na juu ya ukurasa andika geji gani, na nani alikuwa anaendesha."

Niliandika nimeegemea boneti, moto wake ukipenya kwenye daftari. Kilima cha mawe kilikuwa bado, na jua lilibakiza kama saa mbili kuzama. Mikate alikwishakaa kwenye usukani. Mjomba alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda. Akapeleka mkono juu ya bega la kulia kutafuta mkanda wa kiti, kama alivyofanya maisha yake yote kwenye usukani, akapapasa hewa.

"Huku, mzee," alisema Mikate, akamwonyesha bega la kushoto.